Ajali na Kinga Yake

Hapana kijiji siku hizi kisichojua mlio wa pikipiki. Zamani mwalimu alikuwa mtu wa baiskeli, na mgonjwa alichukuliwa kwa machela. Leo mwalimu, na mgonjwa, na gunia la mahindi, na bibi arusi, wote hupakiwa juu ya pikipiki, na pengine kwa safari moja. Chombo hiki kimetufaa sana, nasi si watu wa kukitukana. Lakini kimetuzoeza neno moja, ambalo husemwa kila tunapokusanyika kando ya njia kumtazama mtu aliyelala chini: "Ajali haina kinga." Sisi nasi tumelisema mara nyingi. Leo twataka kueleza jinsi tulivyoacha kulisema, na mahali tulipofundishwa kuliacha. Hapakuwa kanisani wala shuleni, bali katika kiwanja cha mashindano ya pikipiki, katika nchi ya Uingereza.

Walakini yatupasa kwanza kusimulia habari isiyo ya sifa kwetu.

Mwaka 2016 tulikuwa na pikipiki yetu, ambayo tulikwenda nayo shuleni kila siku, mwendo wa kilomita tisa. Siku moja ya mitihani tulichelewa kutoka nyumbani. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alikuwa na umri wa miaka minane, naye alisoma katika shule ile ile. Basi tukampakia nyuma. Sheria ya nchi yataka kila apandaye avae kofia ngumu, lakini kofia ilikuwa moja tu, na hiyo moja tuliitundika penye usukani kwa sababu ya joto. Tulipofika kwenye mteremko wa mtoni, mbuzi walikatiza njia ghafula. Tukashika breki, na waya wa breki ukakatika. Sisi tulichubuka mikono tu. Mtoto alivunjika mguu mahali pawili, na hata leo huenda akichechemea.

Watu walikuja kutupa pole, na wazee wakasema, "Ajali haina kinga, Mwalimu." Dada yetu hakusema neno. Nasi tuliipokea faraja ile kwa mikono miwili, kama mtu mwenye baridi apokeavyo blanketi. Lakini lilikuwapo jambo tulilolijua peke yetu. Nyuzi za waya ule zilikuwa zimeanza kukatika tangu majuma matatu. Tuliziona kwa macho yetu kila asubuhi, na kila asubuhi tulisema, "Jumamosi tutakwenda kwa fundi." Jambo hilo hatukumwambia mtu yeyote.

Mwaka 2018 tulipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika mji wa Lincoln, ulio upande wa mashariki wa Uingereza, mji wenye kanisa kuu kubwa juu ya kilima, ambalo huonekana toka mbali sana. Katika shule tulimokuwa tukijizoeza kufundisha, palikuwa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye miwani, asiyependa kelele darasani. Siku moja katika mwezi wa Juni 2019 alituuliza kama tungependa kufuatana naye mwisho wa juma ili kumsaidia kazi. Tulidhani aenda kuvua samaki. Ijumaa jioni alipofungua mlango wa gari lake, tukaona ndani pikipiki iliyofungwa kwa kamba, na mavazi ya ngozi yametundikwa kama mtu aliyesimama. Ndipo tulipojua ya kuwa yule mwalimu mpole ni mshindani wa pikipiki.

Yafaa tueleze. Wako watu ambao kushindana ni kazi yao, nao wana mishahara na majina makubwa. Huyu si mmoja wao. Yeye ni mshindani wa ridhaa, yaani hushindana kwa kupenda tu. Halipwi kitu, bali hulipa yeye: hulipa ada ya kuingia, hununua matairi na petroli, na akibahatika sana hupewa kikombe kidogo cha kuweka juu ya kabati. Pikipiki yake ilikuwa Suzuki SV650 ya mwaka 1999, yenye silinda mbili, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Aliiondolea taa, na vioo, na mguu wa kusimamia, kwa kuwa vitu hivyo havitakiwi mashindanoni.

Kiwanja chenyewe chaitwa Cadwell Park, nacho ki katikati ya vilima viitwavyo Lincolnshire Wolds, karibu na mji mdogo wa Louth. Mashindano ya pikipiki yamefanyika huko tangu mwaka 1934. Asiyejua angedhani ni shamba la tajiri, maana kuna majani mabichi na miti mingi. Katikati yake hupita njia ya lami, yenye urefu wa karibu kilomita tatu na nusu, ikipanda na kushuka na kupinda kama nyoka. Mahali pamoja pana kilima kifupi, kikali, ambacho wenyeji hukiita Mlima. Pikipiki ikipanda hapo kwa mbio huinua gurudumu la mbele, na pengine magurudumu yote mawili huacha ardhi. Na hapo kiwanjani yamewekwa matangazo ya kuwaonya watu kwamba mchezo huu ni wa hatari. Hakuna afichaye.

Hapo tukajisemea moyoni, "Hawa ni watu waliochoka na maisha yao." Lakini Jumamosi asubuhi tulianza kuona mambo mengine.

Chama cha mchezo huu katika Uingereza chaitwa Auto-Cycle Union, kilichoanzishwa mwaka 1903. Mtu hapewi leseni ya kushindana kabla ya kufundishwa na kupimwa macho. Akiisha kuipata bado ni mwanagenzi, naye sharti avae mgongoni kizibao cha rangi ya chungwa, ili wamfuatao wajue kwamba aliye mbele yao hajazoea, wampite kwa uangalifu. Kizibao hicho hakivuliwi kwa kupenda. Mwanagenzi sharti akusanye saini za wasimamizi wa mashindano, moja moja, hata zitimie kumi. Mwenyeji wetu alikuwa na saini nane. Mwisho wa juma ule alitumaini kupata mbili zilizosalia, moja ya Jumamosi na moja ya Jumapili, arudi nyumbani bila kizibao.

Kabla ya yote huja ukaguzi. Washindani walijipanga mstari mrefu, kila mtu akisukuma pikipiki yake kwa mikono, wazee kwa vijana, mafundi kwa matajiri, wakingoja kama watoto wangojao kuonyesha madaftari. Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vyeusi kwa oili. Alitikisa magurudumu. Alizungusha mkono wa mafuta akauachia, atazame kama warudi wenyewe. Alitazama ncha ya mkono wa breki, ambayo sharti iwe ya mviringo isimchome mtu akianguka. Alitazama kikinga kilichowekwa penye mnyororo, ili kidole cha mtu kisiingie. Aliuliza kama katika rejeta mna maji matupu, kwa kuwa dawa ya kuzuia barafu ikimwagika njiani huteleza kuliko maji. Kisha akatazama kofia, kama ina alama ya kukubaliwa, na mavazi ya ngozi, na ubao mgumu wa kukinga uti wa mgongo. Na shingoni mwa mshindani hutakiwa kisahani kidogo cha chuma, kilichoandikwa jina lake na siku aliyozaliwa. Hatukuuliza kisahani kile ni cha nini. Tulifahamu.

Ilipofika zamu ya mwenyeji wetu, mkaguzi aliinama chini ya injini, akakaa kitambo, akainuka akatikisa kichwa. Bolti ya kumwagia oili sharti ifungwe kwa waya mwembamba, isije ikalegea kwa mtetemo, na waya ule ulikuwa umekatika. Bolti yenyewe ilikuwa imekaza kabisa. Tuliijaribu sisi kwa mkono wetu. Lakini mzee akasema, "Rudi ukaifunge," akamwita mtu wa pili.

Sisi tulikasirika kwa ajili ya rafiki yetu. Tukamwambia, "Bwana, waya mdogo kama unywele! Ungemsihi yule mzee akupitishe, ukaufunga baadaye." Mwenyeji wetu alikuwa amekwisha kulala chini ya pikipiki na koleo mkononi. Akajibu bila kugeuka, "Oili ikimwagika, mimi nitakuwa nimekwisha kupita. Atakayeanguka ni yule aliye nyuma yangu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu atajaye bei ya sukari. Lakini sisi tulinyamaza, tukaondoka kwenda kutafuta maji ambayo hayakuhitajiwa. Maana tulimkumbuka mmoja aliyekuwa nyuma yetu.

Kazi ile ilimpotezea nafasi ya mazoezi ya asubuhi. Akarudi kwa mkaguzi, akapitishwa, na alasiri akaingia mashindanoni. Washindani walikuwa ishirini na wanane. Walizunguka mara moja polepole ili kupasha moto matairi, wakajipanga katika mistari, na taa nyekundu ilipozimika wote wakaondoka kwa mshindo uliotikisa kifua chetu. Sisi tulisimama karibu na ule Mlima. Kila walipopita tuliona kizibao cha chungwa kikiruka juu na kutua, na moyo wetu ukaruka na kutua pamoja nacho. Alimaliza akiwa wa ishirini na moja, akaja akicheka kama mtoto. Jioni msimamizi akamtilia saini ya tisa.

Usiku, tulipokuwa tukipika chai kando ya gari, mwenyeji wetu aliongea na mkewe kwa simu. Mkewe haji kiwanjani hata siku moja. Hukaa nyumbani akingoja simu, na neno la kwanza analouliza si "Umekuwa wa ngapi?" bali "Umekwisha?" Tukamwuliza rafiki yetu kwa nini, basi, afanya mchezo unaomtia mke wake hofu namna hii. Alifikiri sana, akasema, "Hilo ndilo deni langu, nami sijui kama naweza kulilipa. Lakini siku tano za juma nafikiri mambo mia, na hakuna ninalolifikiri sawasawa. Hapa nafikiri kona moja, kisha kona nyingine." Hatukumhukumu, wala hatukumsifu. Hata leo hatujui kama mtu mwenye watoto afanya vema kujitia katika hatari kwa ajili ya mchezo.

Jumapili tulisali mapema ndani ya gari, kabla injini hazijaanza kunguruma. Kundi la mwenyeji wetu lilikuwa na shindano moja tu siku ile, na saini ya kumi ilikuwa humo.

Walipokuwa katika mzunguko wa pili, mpandaji mmoja aliyekuwa mbele alianguka katika kona iliyo chini ya miti. Tulimwona akiteleza juu ya majani, na pikipiki yake ikipinduka kando yake. Papo hapo mlinzi wa njia akapunga bendera ya manjano, ambayo maana yake ni hatari, wala mtu asimpite mwenziwe. Kisha zikatokea bendera nyekundu pande zote, maana yake shindano limesimama. Wasomaji, hapo tuliona jambo la ajabu. Watu ishirini na saba, waliokuwa wakigombania kila shibiri ya njia, wote waliinua mikono, wakapunguza mwendo, wakarudi polepole mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna aliyesema, "Mimi nilikuwa karibu kumpita fulani." Walinzi walikwisha kumfikia aliyeanguka, na gari la wagonjwa likaingia. Mtulinga wake ulikuwa umevunjika, naye alikuwa akiongea.

Ikatangazwa kwamba shindano litaanzwa upya kwa mizunguko sita. Mwenyeji wetu alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake akingoja kuitwa, nasi tumesimama kando. Tulimwona akiubana mkono wa breki ya mbele, akauachia, akaubana tena. Ulikuja karibu na usukani kuliko desturi yake. Akavua glovu, akapitisha kidole mahali mpira wa breki unapoungana na chuma. Kidole kikarudi na unyevu kidogo, kama tone moja la umande.

Hakuwapo mkaguzi. Kibandiko cha kupitishwa kilikuwa bado kipo juu ya pikipiki. Katika watu wote wa kiwanja kile, tuliojua habari ya tone lile tulikuwa wawili tu, yeye na sisi.

Sasa twaandika neno tunaloliona haya. Tulimwambia, "Mizunguko sita tu, Bwana. Saini ya kumi ni hii."

Akatutazama kupitia kioo cha kofia, akasema, "Mizunguko sita ni kufika pale bondeni mara sita." Akainua mkono kumwonyesha msimamizi kwamba ajitoa, akashuka, akaisukuma pikipiki yake hata garini. Wenzake wakaenda zao wakishindana. Tusidanganye ya kwamba alifurahi. Alitupa glovu chini, akapiga ndoo teke, akakaa kitambo amegeukia upande wa pili. Kisha akatoa simu, akampigia mkewe, akamwambia, "Nimekwisha."

Njiani, tukirudi Lincoln, hatukusema mengi. Usiku ule hatukupata usingizi. Tulihesabu. Majuma matatu ni siku ishirini na moja. Tukiondoa Jumamosi na Jumapili ni siku kumi na tano za shule. Kila siku tulishuka mteremko ule wa mtoni mara moja, nyuzi zikionekana. Mara kumi na tano tulifika pale bondeni, na ya mwisho tulikuwa na mtoto nyuma yetu. Mtu anayekwenda kutafuta hatari kwa kupenda aliogopa tone moja. Sisi, ambao tulikuwa twaenda kufundisha watoto kusoma, hatukuogopa waya uliokatika nusu.

Methali ya wazee wetu si uongo. Yako mambo yasiyo na kinga, na mbuzi wale walikuwa mojawapo. Hakuna mtu angeweza kujua kwamba watakatiza. Mbuzi walikuwa ajali. Waya haukuwa ajali. Waya ulikuwa uvivu wetu, nao tuliufunika kwa methali, na wazee wakatusaidia kufunika kwa kuwa walitupenda na hawakujua.

Tulirudi nyumbani Septemba 2019. Siku ya tatu tulikwenda kwa dada yetu, tukamkuta akichambua mboga mlangoni. Tukaketi juu ya kigoda, tukamwambia habari yote ya waya, na majuma matatu, na kofia iliyotundikwa. Hakuinua kichwa. Alimaliza fungu lile la mboga, akachukua jingine. Kisha akasema, "Kaka, nilijua. Fundi alinionyesha ule waya mwaka ule ule. Nyuzi nyingi zilikuwa na kutu mahali zilipokatikia. Zilizong'aa zilikuwa tatu tu. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Alingoja miaka mitatu. Katika miaka hiyo alitupikia, alitusalimu, alitusindikiza tulipokwenda Ulaya, naye alikuwa na waya ule moyoni mwake. Tukamwomba radhi, yeye na mtoto. Alisema amekwisha kutusamehe zamani, lakini kulisikia ni jambo jingine.

Rafiki yetu wa Lincoln alituandikia baadaye kwamba alipata saini yake ya kumi katika kiwanja kingine mwezi wa Agosti mwaka ule, na kizibao amekitundika gereji. Sisi kwetu hatuna kiwanja, wala mstari wa ukaguzi, wala mlinzi mwenye bendera mtoni. Hapa kila mtu ni mkaguzi wa chombo chake. Nasi tumeona ya kuwa mkaguzi wa namna hiyo hujihurumia mno, humpitisha mwenyewe upesi.

Kwa hiyo tulitafuta mwingine. Kabla hatujatoka asubuhi, mpwa wetu huja akichechemea, akaizunguka pikipiki. Hubana breki ya mbele na ya nyuma. Huvuta mnyororo kwa kidole. Hutazama waya toka juu hata chini, polepole, nasi twangoja hata kama kengele ya shule ingekuwa yalia. Siku moja ya mvua tulimhimiza, tukasema, "Mjomba wako achelewa." Akatutazama, akasema, "Bado."

Tukazima injini, tukangoja.